Kimya cha Anga: Historia ya Swali Lililochelewa

Swali la kwa nini binadamu hajapata ishara yoyote ya viumbe wenye akili nje ya Dunia ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Ubishi kuhusu kuwapo kwa dunia nyingine una umri wa zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu. Fumbo la ukimya wake halijatimiza hata karne moja. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, waliosadiki kwamba huko juu kuna wakaazi hawakushangaa kutopata habari zao, kwa sababu hawakuwa na njia yoyote ya kuzipata. Ili kimya kigeuke fumbo, ilibidi kwanza pawe na sikio. Sikio hilo lilitengenezwa polepole, na kila lilipoongezewa uwezo kimya kilekile kilipata maana mpya.

Mjadala ulianzia Ugiriki ya kale. Democritus, na baada yake Epicurus (341–270 KK), walifundisha kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe zisizogawanyika, zinazotangatanga katika utupu usio na mwisho. Ikiwa chembe hizo hazina idadi, haiwezekani zote ziwe zimekwisha kwa kuunda dunia moja tu. Basi dunia ni nyingi, na nyingine zina viumbe. Aristotle (384–322 KK) hakukubali. Kwake, udongo na maji kwa asili yake huelekea katikati ya ulimwengu, na katikati ni moja; dunia ya pili ingedai katikati ya pili, jambo lisilowezekana. Hoja yake ndiyo iliyoshinda, na ikashinda kwa muda mrefu mno: ilifundishwa Alexandria, ikafasiriwa Baghdad, ikafika Paris ikiwa bado na nguvu.

Waliokuja kuitikisa katika Zama za Kati hawakuwa watazamaji wa nyota. Walikuwa wanazuoni wa dini. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki Herat mwaka 1210, aliyekuwa pia mfasiri mkubwa wa Kurani, alikataa kwamba falsafa inaweza kumwekea Mungu mpaka wa dunia moja. Mwenyezi Mungu, alisema, ana uwezo wa kuumba dunia elfu elfu nje ya hii. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku hoja 219 zilizokuwa zikifundishwa na wanafalsafa wa mji huo, mojawapo ikiwa ile iliyodai kwamba Mungu asingeweza kuumba dunia zaidi ya moja. Watu hawa wawili, wa dini mbili na lugha mbili, walifikia mlango mmoja. Hata hivyo walizungumzia kinachowezekana, si kilichopo. Hakuna aliyeinua macho kutazama.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1543, Nicolaus Copernicus alipochapisha kitabu kilichoiondoa Dunia katikati na kuiweka miongoni mwa sayari zinazolizunguka Jua. Maana yake kwa mada yetu ilikuwa nzito: ikiwa Dunia ni sayari, sayari nazo huenda ni dunia. Giordano Bruno alilipeleka wazo hilo hadi kwenye nyota, akidai kila moja ni jua lenye sayari zake. Alichomwa moto Roma tarehe 17 Februari 1600. Mashtaka yake yalikuwa mengi, na mengi kati ya hayo yalihusu itikadi za Kanisa, lakini fundisho la dunia zisizo na idadi lilikuwamo. Miaka kumi baadaye Galileo alitangaza kwamba darubini yake imeonyesha milima Mwezini na miezi minne inayoizunguka Mshtarii. Tangu hapo hofu iligeuka kuwa mazoea. Kitabu cha Mfaransa Fontenelle cha mwaka 1686 kilifanya wakaazi wa sayari kuwa maongezi ya barazani, na kile cha Christiaan Huygens, kilichotoka 1698 baada ya kifo chake, kilikadiria kwamba wakaazi hao wana mikono, wanajua jometria na wanapiga muziki. William Herschel, mgunduzi wa sayari ya Uranus mwaka 1781, aliamini kwamba hata Jua lina watu.

Katika karne hizo tatu hakuna aliyelalamika kwamba mbingu zimenyamaza. Zilikuwa zimejaa. Mwaka 1835 gazeti la New York liitwalo The Sun liliandika kwamba John Herschel, mwana wa William, ambaye wakati huo kweli alikuwa Rasi ya Tumaini Jema akichunguza nyota za kusini, ameona watu wenye mabawa ya popo Mwezini. Habari ilikuwa ya uongo mtupu, lakini iliaminiwa na wengi, waliosoma na wasiosoma, kwa sababu haikupingana na chochote walichokuwa wakikitarajia.

Kisha ikaja Mirihi. Mwaka 1877 sayari hiyo ilipoikaribia Dunia, Giovanni Schiaparelli wa Milano alichora juu ya uso wake mistari mirefu iliyonyooka. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa miaka minane tu kabla, na kizazi kilichokuwa kikikata mabara kwa mifereji hakikusita kuiona mistari ile kuwa mifereji. Mmarekani tajiri, Percival Lowell, alijenga kituo chake cha darubini huko Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akaandika vitabu vilivyosimulia jamii ya wazee wenye hekima inayochota maji ya barafu ya ncha za sayari kumwagilia jangwa linalopanuka. Imani ilienea kiasi kwamba zawadi ya faranga 100,000 iliyotangazwa Ufaransa mwaka 1900 kwa atakayewasiliana na nyota nyingine iliitenga Mirihi: ilidhaniwa ni rahisi mno. Mwaka 1899 Nikola Tesla, akiwa Colorado Springs, alinasa midundo ya redio akadhani inatoka sayari jirani. Mwezi Agosti 1924, Mirihi ilipokaribia tena, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliviagiza vituo vyake vya redio vitege sikio.

Yafaa kusimama hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo imani ilipoanza kudai ushahidi. Alfred Russel Wallace, yule aliyegundua pamoja na Darwin uteuzi wa asili, aliandika mwaka 1907 kwamba Mirihi ni baridi na kavu kupita kiasi kwa hadithi ya Lowell. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi, akitumia darubini kubwa ya Meudon karibu na Paris, aliona mistari ikivunjika kuwa madoa na vivuli. Lakini mbivu na mbichi zilijulikana Julai 1965, chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na sayari hiyo na kuleta picha zisizozidi 22. Zilionyesha mashimo ya vimondo, mfano wa uso wa Mwezi. Vipimo vikaonyesha angahewa nyembamba, isiyofikia hata asilimia moja ya kanieneo ya hewa yetu. Mifereji ikafa, na wachimbaji wake wakafa nayo. Kwa mara ya kwanza, mahali palipodhaniwa pana watu palikaguliwa na kukutwa hapana.

Hata kabla ya pigo hilo, swali lenyewe lilikuwa limekwisha kuulizwa. Katika kiangazi cha 1950, ndani ya maabara ya Los Alamos, New Mexico, mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa akienda kula chakula cha mchana pamoja na Emil Konopinski, Edward Teller na Herbert York. Marekani wakati huo ilikuwa imeshikwa na homa ya visahani vinavyoruka, na gazeti moja lilikuwa limechora kibonzo cha viumbe wa angani wakiiba mapipa ya takataka ya New York. Wakacheka, mazungumzo yakahamia mambo mengine, na katikati ya mlo Fermi akauliza ghafla: wako wapi? Wenzake walimwelewa mara moja. Galaksi yetu ina upana wa takriban miaka ya nuru 100,000. Chombo kinachokwenda kwa moja ya mia ya kasi ya nuru kingeivuka kwa miaka milioni kumi, na galaksi ina umri unaozidi miaka bilioni kumi. Jamii moja tu yenye nia ingekuwa imekwisha kufika kila mahali mara nyingi. Fermi hakuandika lolote juu ya jambo hili, na alifariki 1954. Tunalijua kwa kumbukumbu walizotoa wenzake miaka zaidi ya thelathini baadaye. Kwa kumbukumbu ya York, Fermi hakuhitimisha kwamba hawapo. Alidhani huenda safari kati ya nyota haiwezekani, au haina faida, au jamii zenye teknolojia hazidumu vya kutosha kuifanya.

Sababu hiyo ya mwisho haikutoka hewani. Watu wanne waliokaa mezani siku ile walikuwa watengenezaji wa mabomu ya nyuklia. Zama za Suez ziliona mifereji. Zama za Hiroshima zikaanza kuona makaburi.

Septemba 1959 Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walichapisha katika jarida la Nature makala fupi iliyobadili mjadala kuwa kazi ya mikono. Darubini za redio zilizokuwa zimezaliwa kutokana na rada za Vita vya Pili vya Dunia, walionyesha, tayari zilikuwa na uwezo wa kunasa ishara iliyotumwa kwa makusudi kutoka nyota za jirani. Walipendekeza masafa ya megahezi 1,420, wimbi la sentimita 21 linalotolewa na haidrojeni, kwa kuwa kila mwanafalaki popote alipo angelijua. Tarehe 8 Aprili 1960, huko Green Bank, West Virginia, kijana Frank Drake aliielekeza darubini yenye kipenyo cha mita 26 kwenye nyota Tau Ceti. Ilipotua, akaigeuzia Epsilon Eridani. Dakika chache tu zikapita, spika ikalipuka kwa midundo na sindano ya kuchorea ikawa inagonga ukingo wa karatasi. Alipoigeuza darubini pembeni na kuirudisha, sauti haikuwapo tena. Siku kadhaa baadaye ilirudi, na kipokezi kidogo kilichowekwa dirishani kikathibitisha kuwa haitoki kwenye nyota hata kidogo. Yumkini ilikuwa ndege inayopita juu sana. Hivyo basi ishara ya kwanza katika historia ya usikilizaji ilikuwa yetu wenyewe, na mtindo huo haujakoma hadi leo.

Novemba 1961 Drake aliwaita wataalamu wachache Green Bank, akiwamo Carl Sagan, akaandika ubaoni mlinganyo wenye vipengele saba: nyota huzaliwa ngapi kwa mwaka, ngapi zina sayari, ngapi zinafaa kwa uhai, na kuendelea hadi kipengele cha mwisho, miaka ambayo jamii yenye redio hudumu. Uzuri wa mlinganyo ule ni kwamba uliupanga ujinga wetu. Ubaya wake ni kwamba wengi waliufanya kikokotoo. Mwaka huo ni kipengele cha kwanza tu kilichojulikana kwa kiwango cha kuridhisha.

Warusi nao hawakukaa nyuma. Nikolai Kardashev alipendekeza mwaka 1964 kuzipanga jamii kwa kiasi cha nishati zinachokitawala, kutoka sayari moja hadi galaksi nzima, na mwaka 1971 wanasayansi wa kambi mbili zilizokuwa zikitishiana makombora walikaa pamoja Byurakan, Armenia, kujadili jambo ambalo halikuwa na mpaka. Kati ya mkutano wa Green Bank na huo wa Byurakan, mwaka 1967, mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, aliona kwenye karatasi zake mpigo uliojirudia kila sekunde 1.337 bila kukosea. Kwa mzaha wakauita watu wadogo wa kijani. Ulikuwa pulsa, mabaki ya nyota iliyolipuka, aina ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Nobeli ya ugunduzi huo, mwaka 1974, alipewa msimamizi wake.

Agosti 1977 iliacha alama mbili. Tarehe 15, darubini ya Big Ear ya Ohio ilirekodi kwa sekunde 72 wimbi lenye nguvu karibu kabisa na masafa ya haidrojeni. Jerry Ehman, akipitia karatasi za kompyuta siku chache baadaye, alizungushia kalamu nyekundu herufi na tarakimu 6EQUJ5, akaandika pembeni neno la mshangao. Sekunde 72 ndizo ambazo nukta moja ya anga huchukua kupita mbele ya darubini ile isiyogeuka, kwa hiyo kitu kilikuwa kweli mbinguni. Lakini mahali pale palisikilizwa tena na tena, na hapakusikika kitu. Big Ear yenyewe ilibomolewa 1998 kupisha uwanja wa gofu. Siku tano baada ya ishara ile, Voyager 2 ilirushwa ikiwa na sahani ya dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, na wimbo wa unyago wa wasichana wa Wambuti wa msitu wa Ituri umo. Kiswahili hakimo. Lugha inayosemwa kutoka Lamu hadi Kisangani iliachwa nje ya salamu za binadamu, jambo linaloonyesha kwamba hata anayesema kwa niaba ya sayari nzima husema na aliowapata karibu.

Wakati huohuo, hoja ya mlo wa Los Alamos ilikuwa ikifufuliwa kwa ukali zaidi. Mwaka 1975 Michael Hart aliandika kwamba kutokuwapo kwa wageni hapa Duniani ni ushahidi wenyewe, na maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba hawajawahi kuwapo. Mwaka 1980 Frank Tipler akaongeza kwamba si lazima waje wenyewe. Mashine zinazojizalisha zingetosha. Mwaka 1983 Brandon Carter alieleza kwamba huenda akili imechelewa kutokea hapa, takriban miaka bilioni nne tangu Dunia iumbike, kwa sababu hatua za kuifikia ni adimu mno na mahali pengine Jua la wenyeji huzimika kwanza. Kuna vimya viwili, basi, na ni kosa kuvichanganya. Kimya cha redio hujibiwa kwa kusema hatujasikiliza vya kutosha. Kimya cha wageni, kile cha Hart, hakijibiwi hivyo, na mimi sijaona jibu lake lisilohitaji kudhani jambo moja kuhusu tabia za viumbe wote: kwamba wote hawapendi kusafiri, au wote hujiangamiza, au wote wamekubaliana kutuacha.

Siasa nayo ilikuwa na mkono wake. Mwaka 1978 Seneta William Proxmire aliutaja utafutaji huu kuwa mfano wa ufujaji wa kodi. NASA ilifanikiwa kuanzisha mpango mkubwa tarehe 12 Oktoba 1992, miaka 500 kamili tangu Columbus afike Amerika. Mwaka mmoja baadaye Seneta Richard Bryan wa Nevada aliupiga teke, ingawa uligharimu takriban dola milioni 12 kwa mwaka. Kazi ikahamia kwa wafadhili binafsi. Kuanzia Mei 1999 hadi Machi 2020 mamilioni ya watu waliazima kompyuta zao za nyumbani kuchambua data za Arecibo, darubini iliyoporomoka Desemba 2020, na mwaka 2015 ukatangazwa mradi wa Breakthrough Listen wa dola milioni 100 kwa miaka kumi. Unaposikia kwamba tumesikiliza kwa miaka zaidi ya sitini, basi, usidhani ni miaka sitini mfululizo.

Kilichosonga mbele bila kusita ni elimu ya sayari. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz waligundua sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, na chombo cha Kepler kilichorushwa 2009 kiligeuza ugunduzi kuwa sensa. Leo zimethibitishwa zaidi ya 5,000, na inafahamika kuwa nyota nyingi zina sayari. Vipengele vya mwanzo vya mlinganyo wa Drake vimejazwa, navyo vimetoka vikubwa. Kwa hiyo uzito wote wa kimya umehamia vile vya mwisho, vya uhai, akili na muda. Mwaka 2018 Anders Sandberg na wenzake walionyesha kwamba ukikiri ukubwa wa ujinga wetu katika vipengele hivyo, uwezekano wa kuwa peke yetu katika galaksi si mdogo, na kimya hakipaswi kumshangaza mtu. Mwaka huohuo wanafalaki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walikadiria kwamba sehemu ya anga, masafa na muda iliyokwisha kupekuliwa, ukilinganisha na inayopaswa kupekuliwa, ni kama maji ya bwawa dogo la kuogelea mbele ya bahari zote. Lakini haya mawili hayasemi jambo moja: la kwanza linatuandaa kwa upweke, la pili linatuambia hatujaanza.

Na masikio yalipozidi kuwa makali, ndivyo tulivyozidi kujisikia. Katika darubini ya Parkes, Australia, tangu 1998 ilikuwa ikinaswa milipuko mifupi ya redio isiyoelezeka, ikitokea zaidi saa za kazi. Mwaka 2015 ilibainika chanzo ni tanuri la maikrowevu la jikoni kituoni, pale mtu mwenye njaa alipofungua mlango kabla halijamaliza kupasha chakula. Darubini hiyohiyo ilipata mwaka 2019 wimbi lililoonekana kutoka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Uchambuzi wa 2021 ukaonyesha kuwa ni vifaa vya binadamu.

Kazi sasa imefika Afrika. Katika nyanda kame za Karoo, Afrika Kusini, madishi 64 ya MeerKAT yaliyozinduliwa 2018 yanatumika pia kusaka ishara hizi, na yataunganishwa na mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA, ambao Kenya ni miongoni mwa washirika wake wa Afrika. Sheria ya mwaka 2007 inalinda eneo hilo dhidi ya minara ya simu na redio. Haina mamlaka juu ya setilaiti, ambazo zilikuwa takriban 2,000 mwaka 2019 na sasa zinazofanya kazi zimepita 10,000, kila moja ikipita juu ya madishi hayo na sauti yake. Ndiyo maana wahandisi wanazungumzia kujenga darubini upande wa Mwezi usioielekea Dunia, ambako kilomita 3,475 za mwamba zingezuia kelele zetu zote. Lakini hata huko hatukosekani: China ilikwisha kuweka setilaiti ya mawasiliano, Queqiao, inayoutazama upande huo tangu mwaka 2018.